Maswali ya Wasomaji: Uandishi wa Kitaaluma katika Mtihani wa Kiingereza

Kati ya barua zilizotufikia kuhusu mitihani ya lugha, nyingi zinauliza juu ya sehemu moja tu, nayo ni uandishi katika mtihani wa IELTS wa kitaaluma, ambao vyuo vikuu vingi vinavyofundisha kwa Kiingereza huutumia kupima kama mwombaji ataweza kumudu masomo. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, sehemu hiyo huchukua dakika 60 na ina kazi mbili. Katika kazi ya kwanza mtahiniwa hueleza grafu, jedwali, ramani au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150. Katika ya pili huandika insha ya hoja yenye maneno yasiyopungua 250. Kazi ya pili ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza, na ndiyo maana hushauriwa kwamba dakika 20 zitumike kwa ya kwanza na 40 kwa ya pili. Alama hutolewa kuanzia 0 hadi 9, nusu zikiwamo, kwa kufuata vigezo vinne vyenye uzito sawa: kulijibu swali kikamilifu, mpangilio na mshikamano wa mawazo, msamiati, na sarufi. Vigezo hivi nitavirejea mara kwa mara katika majibu yangu.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimefanya mtihani huu mara tatu. Kusoma na kusikiliza napata 7.5, lakini uandishi mara zote nimepata 6.0, na chuo ninachoomba kinataka 6.5 katika kila sehemu. Kwa miezi minne nimeandika insha moja kila siku na nina madaftari yaliyojaa. Nakosea wapi?
Mwombaji wa shahada ya uzamili

Jibu: Marahaba. Barua yako imenigusa, kwa sababu nimewaona wanafunzi wengi wenye bidii kama yako wakikwama palepale ulipokwama. Naomba ufungue madaftari hayo ujiulize jambo moja: katika insha zaidi ya mia ulizoandika, ni ngapi ulirudi ukaziandika upya? Kama jibu ni kwamba hakuna, basi tumeshaanza kuuona ugonjwa. Anayeandika insha leo, akaifunga, kisha kesho akaandika nyingine, huwa anayazoea makosa yake badala ya kuyaondoa. Mkono unapata kasi, lakini aya inabaki vilevile.

Ningekushauri upunguze insha ziwe mbili kwa wiki. Siku ya kwanza andika kwa dakika 40 huku saa ikiwa mbele yako. Siku inayofuata usiandike chochote kipya. Isome insha yako kwa sauti, polepole, na pembeni ya kila aya andika kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, aya hiyo inasema nini. Ukishindwa kuipata sentensi hiyo moja, au ukijikuta unahitaji tatu, aya hiyo haijakaa sawa. Siku ya tatu iandike upya aya iliyo dhaifu kuliko zote. Siku ya nne iandike insha nzima upya bila kuitazama ya kwanza, kisha uziweke zote mbili mezani na kuzilinganisha. Kazi hii inachosha na haina raha ya kujaza daftari, lakini hapo ndipo utakapoona kwa macho yako sentensi iliyokuwa imelegea na namna ilivyokaza.

Jambo la pili ni namna unavyolisoma swali. Tuchukue mfano nilioutunga mwenyewe: "Wanafunzi wa chuo kikuu walazimishwe kuhudhuria mihadhara yote, hata pale ambapo mihadhara hiyo imerekodiwa na inapatikana kwenye intaneti. Unakubaliana na kauli hii kwa kiasi gani?" Watahiniwa wengi wakiliona swali hili huanza kuorodhesha faida na hasara za kusoma kwa intaneti, kwa kuwa neno hilo ndilo linalowavuta, na pengine waliwahi kuandika insha ya namna hiyo. Hawakuulizwa hivyo. Swali limesimama juu ya maneno mawili, "walazimishwe" na "yote". Mtu anaweza kuamini kwa moyo wake wote kwamba kuhudhuria ni bora kuliko kutazama video, na bado akapinga kumlazimisha mtu mzima. Au akakubali ulazima kwa masomo ya maabara na kuukataa kwa mengine. Huo ndio msimamo unaotafutwa, na unatakiwa uonekane tangu aya ya kwanza na usibadilike hadi mwisho. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuanza insha kwa methali na kumzungusha msomaji kabla ya kufika kwenye hoja. Ni mtindo mzuri mahali pake, lakini mtahini wa insha hii anataka kujua mapema umesimama wapi.

La tatu, ambalo nadhani ndilo linalokunyima nusu alama, ni kukuza hoja. Soma aya hii: "Kuhudhuria mihadhara ni muhimu kwa sababu mwanafunzi hupata marafiki, huuliza maswali, hujifunza nidhamu na humfahamu mhadhiri." Zipo sababu nne, na hakuna hata moja iliyoelezwa. Sasa tuchukue moja tu na tuifuate: "Mwanafunzi aliye ukumbini anaweza kuuliza palepale hoja inapompotea, na mara nyingi swali lake huwa ndilo lililokuwa likiwatatiza wenzake walionyamaza. Anayetazama video anaweza kuirudisha nyuma mara tano, lakini atasikia maelezo yaleyale kwa maneno yaleyale, na kama hayakumwingia mara ya kwanza, hana wa kumwomba mfano mwingine." Aya ya pili ina wazo moja, lakini wazo hilo limetembea: limetoa dai, likaonyesha linavyotokea, likajibu mapema pingamizi la mtu atakayesema kwamba video inaweza kurudiwa. Vigezo vya alama vilivyochapishwa kwa umma vinaeleza kwamba jibu la alama 7 huwa na mawazo makuu yaliyopanuliwa na kutetewa. Kuyataja peke yake hakutoshi. Rudi kwenye madaftari yako uhesabu sababu katika kila aya. Ukikuta nne, futa tatu.

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Tatizo langu ni kazi ya kwanza. Ninapopewa grafu naeleza kila namba iliyomo, kisha mwishoni naeleza sababu za mabadiliko na maoni yangu. Mwenzangu ananiambia nakosea. Nani yuko sahihi?
Msomaji anayejiandaa peke yake

Jibu: Mwenzako yuko sahihi, na ni vizuri umeuliza kabla ya siku ya mtihani. Kazi ya kwanza haitaki maoni yako wala sababu ulizozifikiria wewe. Kama grafu haisemi kwa nini idadi ilipanda, nawe usiseme. Kinachopimwa ni kama unaweza kuchagua yaliyo muhimu katika data na kuyalinganisha kwa lugha iliyo wazi.

Kiini cha jibu ni muhtasari wa jumla, yaani sentensi moja au mbili zinazoeleza picha kubwa bila kutaja namba. Vigezo vyenyewe vinasema kwamba jibu linaloorodhesha maelezo kimashinemashine bila muhtasari ulio wazi ni jibu la kiwango cha 5. Tuseme grafu ya kubuni inaonyesha idadi ya abiria wa treni katika miji mitatu kuanzia 1990 hadi 2020. Mtahiniwa anayehesabu ataandika kwamba mwaka 1990 mji wa kwanza ulikuwa na abiria kiasi hiki, mwaka 1995 kiasi hiki, mwaka 2000 kiasi hiki, na ataendelea hivyo hadi msomaji apotee. Anayetazama ataandika: "Kwa ujumla, idadi ya abiria iliongezeka katika miji miwili na kupungua katika mmoja, na mji uliokuwa na abiria wachache zaidi mwanzoni ndio ulioongoza mwishoni mwa kipindi." Baada ya hapo ndipo atakapoleta namba chache za kuthibitisha: ya mwanzo, ya mwisho, na ile ya mwaka ambapo mistari miwili ilikutana.

Lipo zoezi ambalo limewasaidia sana wanafunzi wangu. Chukua grafu yoyote, kata vipande vya karatasi na uzifunike namba zote zilizo pembeni, ubaki na mistari tu. Kisha andika sentensi mbili kuhusu unachokiona. Kwa kuwa namba hazipo, utalazimika kusema kipi kilipanda, kipi kilishuka, kipi kilitulia na kipi kilikipita kingine, na sentensi hizo mbili ndizo muhtasari wako. Fanya hivyo kwa grafu kumi kabla ya kuandika hata jibu moja kamili. Kwa ramani na michoro ya hatua za utengenezaji njia ni ileile: mchakato una hatua ngapi, unaanzia wapi na kuishia wapi, mji ulibadilika zaidi upande gani, na ni nini kilichobaki mahali pake.

Swali: Shikamoo. Nimenunua kijitabu chenye vifungu vya kukariri ambavyo inasemekana vinafaa kwa insha yoyote. Je, nivitumie?
Mwanafunzi wa kidato cha sita

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nakusihi usivitumie. Mtahini husoma insha nyingi na huvitambua vifungu hivyo mara moja, kwa sababu vimekaa kama kiraka: sentensi mbili za Kiingereza cha hali ya juu, kisha ya tatu yenye makosa ya msingi. Vigezo vinaruhusu jibu lililothibitika kuwa limekaririwa lote lipewe 0, na hata pale ambapo jambo halijafikia hapo, maneno yasiyohusu swali hayakusaidii katika kigezo cha kujibu swali. Sentensi uliyoijenga mwenyewe, hata ikiwa fupi, itakufaa zaidi. Viunganishi vya kawaida unavihitaji na ni vyema uvijue vizuri, ila usivipange kila mwanzo wa sentensi kama askari wa gwaride, kwa kuwa mshikamano wa namna hiyo hutajwa katika vigezo kuwa ni wa kimashine.

Swali: Mwalimu, nasahihishiwa makosa yaleyale kila mara na sielewi yanatoka wapi. Sarufi nimeisoma yote. Je, yapo makosa ambayo hutupata hasa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili?
Muuguzi anayetaka kusoma zaidi

Jibu: Yapo, na nafurahi umeliuliza swali hili, kwa sababu vitabu vingi vya maandalizi vimeandikiwa wanafunzi wa lugha zote kwa pamoja na havimwambii msomaji wa Kiswahili aangalie wapi. Haya si makosa ya uzembe. Ni sarufi yetu, iliyo sahihi kabisa nyumbani kwake, inayochungulia kupitia maneno ya Kiingereza.

Kubwa kuliko yote ni vijineno "a" na "the". Kiswahili hakina kitu kama hicho. Tukisema "mwalimu aliingia" tunajua kwa muktadha ni yupi. Kwa hiyo macho yetu hayaoni pengo pale "the" inapokosekana. Usitegemee kusikia kosa, kwa maana hutalisikia. Chukua kalamu ya rangi, pigia mstari kila nomino katika insha yako, na kwa kila moja jiulize kama inahesabika, kama ni moja au nyingi, na kama msomaji anajua ni ipi. Mara ya kwanza utatumia nusu saa kwa insha moja. Baada ya insha kumi utaanza kujiuliza hivyo ukiwa bado unaandika.

Nomino zisizohesabika nazo zina asili inayoeleweka. Sisi tunasema "vifaa" na "tafiti", maneno yaliyo katika wingi, na tukivuka kwenda Kiingereza tunabeba ule wingi na kuandika "equipments" na "researches", ilhali Kiingereza cha kitaaluma kwa kawaida hutaka "equipment" na "research" bila herufi ya mwisho. Vivyo hivyo "informations" na "advices". Maneno ya aina hii yanayojitokeza mara kwa mara katika insha hayafiki hata ishirini, hivyo yaandike kwenye kadi moja uyamalize.

Kosa la tatu ni la ajabu kidogo, nami hulipenda kwa jinsi linavyoonyesha ustadi wa lugha yetu. Tunasema "kitabu ambacho nilikisoma", na ile "-ki-" ndani ya kitenzi inakirejelea kitabu. Mwanafunzi akitafsiri huandika "the book which I read it". Hiyo "it" ya mwisho ndiyo "-ki-" yetu iliyovuka mpaka, na Kiingereza hakiihitaji. Kila unapoandika "which", "who" au "that" kama kiunganishi, nenda hadi mwisho wa kishazi uone kama kuna kiwakilishi kilichobaki bila kazi.

Kisha kuna "ingawa" na "lakini". Kwetu ni kawaida kusema "ingawa alichelewa, lakini alifaulu". Kwa Kiingereza ukitumia "although" mwanzoni, "but" haina nafasi katika sentensi hiyo. Na kwa kuwa tunasema "kujadili kuhusu" jambo na "kusisitiza juu ya" jambo, tunaandika "discuss about" na "emphasise on", ambapo vitenzi hivyo viwili hutaka yambwa moja kwa moja.

La mwisho ni koma. Kiswahili huvumilia vishazi vingi kufuatana kwa koma, hasa pale "-ka-" inapoyasukuma matukio mbele: alifika, akaketi, akaanza kuandika. Kiingereza cha kitaaluma huhesabu sentensi mbili kamili zilizounganishwa kwa koma tupu kuwa ni kosa, na kosa hilo likijirudia linashusha alama ya sarufi haraka, kwa kuwa kigezo cha alama 7 kinataka sentensi zisizo na kosa zijitokeze mara kwa mara. Pale unaposita, weka nukta na uanze sentensi nyingine.

Yeye wa Kiswahili, asiye na jinsia, sihitaji kumweleza kwa urefu. Kagua "he" na "she" zako mara moja mwishoni.

Swali: Je, ni bora kufanya kwa kompyuta au kwa karatasi? Na mimi ninayetakiwa kufanya TOEFL, ule mtihani mwingine wa Kiingereza, mazoezi haya yananifaa?
Msomaji

Jibu: Pale unapopewa nafasi ya kuchagua, chagua namna unayoandikia kila siku. Maswali na vigezo ni vilevile. Kompyuta hukuonyesha idadi ya maneno na hukuwezesha kuhamisha sentensi, lakini kama unatafuta kila herufi kwa kidole kimoja, dakika 40 hazitakutosha. Kuhusu TOEFL, kukuza hoja na kukagua sarufi kutakufaa kwa kiasi kikubwa, ila muundo wa kazi zake ni tofauti na umebadilishwa katika miaka ya karibuni: Julai 2023, kwa mfano, insha huru ya dakika 30 iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na mchango wa dakika 10 katika mjadala wa kitaaluma. Tazama muundo wa sasa katika tovuti ya mtihani kabla ya kununua kitabu chochote, hata kama muuzaji anakuapia.

Swali: Mwalimu, mimi sina wa kunisahihishia na sina fedha za kulipia masomo. Natumia programu ya akili bandia, nayo hunirudishia insha nzuri sana, lakini nikikaa peke yangu naandika kama zamani. Nifanyeje?
Msomaji anayefanya kazi mchana na kusoma usiku

Jibu: Umeligundua tatizo mwenyewe: insha nzuri inayorudi imeandikwa na programu, wewe umeisoma tu. Badilisha unachokiomba. Iambie isirekebishe chochote, ikuonyeshe tu sentensi zenye kosa bila kutaja kosa ni lipi. Kisha keti na sentensi hizo ulitafute kosa wewe. Ukilikosa kabisa, ndipo uulize. Usiitegemee sana kwa alama inazokupa, kwa kuwa leo inaweza kukupa 7 na kesho, kwa insha ileile, ikakupa alama nyingine.

Pasipo programu bado inawezekana. Chapisha vigezo vya alama vya kiwango cha 6 na cha 7, uviweke kando ya insha yako, na kwa kila kigezo tafuta ushahidi katika maandishi yako mwenyewe: msimamo wangu uko katika sentensi ipi, wazo hili limepanuliwa mstari wa ngapi. Iache insha siku tatu kabla ya kuipima, kwa sababu ukiipima siku uliyoiandika utasoma ulichokusudia kusema badala ya kilichoandikwa. Weka pia orodha ya makosa yako, kila kosa na idadi ya mara ulizolifanya katika kila insha. Kwa mtu mwenye saa moja tu usiku, orodha hiyo inakwambia usiku huo ushughulikie nini.

Wiki mbili kabla ya mtihani, fanya kazi zote mbili kwa mfululizo wa dakika 60, angalau mara nne. Watu wengi hujizoeza kila kazi peke yake, na siku ya mtihani ndiyo mara yao ya kwanza kuandika insha ya hoja wakiwa wameshachoka na grafu. Unaruhusiwa kuanza na kazi ya pili ukipenda. Jaribu mipangilio yote miwili, mara mbili kila mmoja, na uone ni upi unaokuachia dakika tano za kukagua.